Mama Unga na Jiwe Lisilotaka Kukaushwa

Kazi yangu ni mizani. Nimezunguka nayo tangu nikiwa na meno yote mdomoni, nikitengeneza mizani za sokoni, za zahanati, za maghala ya pamba, na zile ndogo za masonara ambazo ukizipumulia vibaya zinakasirika. Fundi mizani hakai mahali pamoja, kwa sababu mizani za mji mmoja haziharibiki zote kwa mpigo. Basi nimeona vyumba vingi na nimevisahau vingi. Nyumba ya kupondea mawe sijaisahau, kwa ajili ya yule mama.

Walimwita Mama Unga. Unga wenyewe haukuwa wa kula. Alisaga mawe. Mawe yaliletwa kutoka migodini ndani ya magunia, yakaoshwa, yakaingizwa kwenye tanuri yakauke, yakapondwa na mashine yenye kelele ya kumtoa mtu roho, halafu yale machache yaliyotakiwa kupimwa kwa makini yakaletwa kwake. Alikuwa na kinu kidogo cheupe, kigumu kushinda chuma, kinachoenea viganja viwili. Alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha akazungusha mchi. Hakutwanga, alizungusha tu, mpaka jiwe likawa laini kama poda ya mtoto mchanga. Kope zake zilikuwa na vumbi la rangi ya jiwe la siku hiyo. Ukimkuta na kope nyekundu unajua leo amesaga mawe ya chuma.

Wapagazi wa magunia walimtania wakipita. "Mama Unga, leo unatupikia nini?"

"Leo nimewapikia risasi," anajibu bila kuinua uso. "Kuleni mshibe. Mtakuwa wazito, hata mwenye kazi atashindwa kuwatoa mlangoni."

Nilimpenda kwa majibu yake, na pia kwa sababu hakuwahi kuigusa mizani kwa vidole vyenye jasho. Hayo ni mambo madogo, lakini kwa fundi mizani ni adabu kubwa.

Msimamizi wa nyumba ile kwa miaka mingi alikuwa kaka mkubwa wa mume wake. Mzee mfupi, shati lake limefungwa vifungo hadi kooni hata kwenye joto, mtu wa sheria. Na sheria yake ilikuwa moja, aliisema asubuhi kama wengine wanavyosema hujambo: kila jiwe lioshwe, kila jiwe likaushwe. Alikuwa na haki. Jiwe lenye tope linadanganya jicho, na jiwe lenye maji linadanganya mizani. Mimi mwenyewe ningeweka sheria ileile.

Mume wa Mama Unga alifanya kazi chini, kwenye mgodi wa shaba, akiangalia pampu. Maji ya mgodini hayalali. Mtu wa pampu yuko peke yake huko chini, hasikii ila mashine yake na matone, na macho yake hayana cha kuangalia ila ukuta. Ndipo akaliona. Kwenye njia ya zamani, ambako shaba ilichimbwa ikaisha, maji yalikuwa yakichuruzika juu ya boriti zilizooza, na pale yalipochuruzika kulikuwa kumeota kitu. Rangi ya samawati iliyopauka, kama nguo ya bluu iliyofuliwa mara nyingi. Kilikuwa na nyuzinyuzi na mng'ao wa hariri, na laini hata ukucha uliacha alama.

Mrututu wachimbaji wote waliujua. Ni ile chumvi ya shaba ya bluu iliyokolea, wakulima wanaipulizia mimea, na kwenye mgodi wa zamani wa shaba imejaa tele. Lakini mtu wa pampu aliwaambia wenzake, "Huu si mrututu. Mrututu naujua, nimelala nao huku chini kuliko nilivyolala na mke wangu. Hili ni jiwe lisilowahi kuonekana duniani."

Akakichukua kipande, akakifunga kwenye leso, akampelekea kaka yake.

Kaka yake alifanya alivyofanya kwa kila jiwe. Alilitia kwenye ndoo ya kuoshea. Walipoinua kichujio hapakuwa na jiwe, palikuwa na maji ya samawati tu.

"Mdogo wangu," alisema kaka, na nyumba nzima ikasikia, "umeniletea jiwe au sukari?"

Walicheka mpaka wapagazi wakaweka magunia chini. Mtu wa pampu naye alicheka, kidogo. Akarudi chini akaleta kipande kingine. "Hili usilioshe, kaka."

"Sawa, sitaliosha." Na kweli hakuliosha. Alilikausha. Asubuhi yake kwenye sinia ya tanuri palikuwa na kipande kimevunjika vunjika, kina ungaunga juu. Kikasagwa na Mama Unga mwenyewe, wakati huo bado kibarua, kikapimwa, jibu likaja: mrututu.

"Mrututu," kaka alimwambia mdogo wake mbele ya watu. "Uliniambia nini?"

"Huo mliopima sio niliouleta."

"Unasema nimekubadilishia jiwe?"

"Nasema tanuri lako limelibadilisha. Mnalikausha, mnaliua."

"Jiwe linakufa? Haya, wafiwa wako wapi tuwape pole?"

Watu wakaangua kicheko tena, na tangu siku hiyo wachimbaji wakampa jina: Si-Mrututu. Si-Mrututu kaja, Si-Mrututu kapita. Jina la utani ni kama kupe, ukilivuta linaacha kichwa ndani. Lakini kilichomuuma si jina. Kilichomuuma ni kwamba kaka yake alimwona muongo. Na kilichomuuma kaka ni kwamba mdogo wake, aliyempeleka shule kwa mkono, alisema kazi yake ni ya ovyo. Kila mmoja akangoja mwenzake aje. Nyumba zao zilitazamana uani, na walisalimiana kwa kukohoa.

Mtu wa pampu alileta kipande cha tatu. Hiki hakukipeleka kwa kaka. Alikitia kwenye chupa ya mdomo mpana, kwa chini akaweka kitambaa kibichi, juu ya kitambaa kisahani, juu ya kisahani jiwe, ili jiwe lipate unyevu bila kuguswa na maji. Akaziba kwa nta. Akampa mkewe. "Usiwape. Siku atakapokuja mtu wa kulipima likiwa hivi hivi na unyevu wake, mpe huyo."

Halafu njia ile ya zamani ikaanguka, yeye akiwa ndani. Walichimba kumfuata, na mawe ya juu yakazidi kumwagika. Hawakumfikia. Mwishowe waliziba mdomo wa njia kwa zege, na watu wakasimama mbele ya zege wakaomba dua. Kaburi lake ni hilo.

Nataka msomaji aelewe jambo hili vizuri, maana mimi nilichelewa kulielewa. Baada ya msiba, aliyewalea watoto wa Mama Unga ni yuleyule kaka. Alimtafutia mjane kazi ya kudumu kwenye kinu. Alikaa na watoto wakiugua. Alimwoza binti mkubwa, akasimama mahali pa baba. Wala hakuna siku aliyomwambia shemeji yake, kumbuka nilichokufanyia. Na muda wote huo chupa ilikuwa kwenye rafu ya chini, nyuma ya mlango wa chumba cha Mama Unga, mahali pa baridi. Kila nta ilipopasuka alipaka nyingine, kitambaa kilipokauka alikilowesha. Mwenye kulipima jiwe aliweza kupatikana. Yeye hakumtafuta.

"Ningeupata wapi moyo, fundi?" aliniambia siku moja nikikaza skrubu za mizani yake. "Likiwa mrututu, mume wangu alikufa mbishi bila sababu. Lisipokuwa mrututu, basi huyu aliyewalea wanangu alimdhulumu ndugu yake mpaka akafa nalo rohoni. Nikilifungua namzika mume wangu mara ya pili, au namzika huyu akiwa hai."

Nikamwambia basi asilifungue. Ushauri wa fundi mizani: pande mbili zikilingana, usiguse.

Lakini jiwe halikukubali kungoja. Ilikuwa mwaka ule wa joto kali. Mama Unga alianza kuona kingo zake zinageuka, kutoka samawati iliyopauka kwenda bluu iliyokolea. Ile bluu ya mrututu. Ilikuwa inaingia ndani polepole, kama kutu inavyokula sufuria, na kila alipotazama, kiini cha rangi ya zamani kilikuwa kimepungua. Kwa mwendo ule, muda si mrefu chupa ingekuwa na mrututu mtupu, na hapo hata malaika wasingeweza kujua lilikuwa nini.

Mwaka huohuo alikuja mpimaji mpya, binti mwenye sauti ya chini na miwani inayoteleza puani, aliyesomea mambo ya mawe. Mama Unga alimtazama kwa muda mrefu akifanya kazi. Halafu akamwambia yote.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

"Mama, hizi chumvi za salfeti hupangwa kwa mambo mawili," alisema. "Kwanza, ni metali gani imo ndani. Pili, ni maji kiasi gani yamejengewa humo. Si maji ya kulowa kama nguo. Ni kama kamba kwenye kitanda cha kamba. Ukiitoa kamba, mbao zote zipo, ila kitanda hakipo. Mrututu una sehemu tano za maji. Lipo jiwe jingine lenye shaba ileile, salfeti ileile, lakini sehemu saba. Ni adimu sana, kwa sababu likipata hewa kavu linaacha mbili, linabaki na tano."

"Na likibaki na tano?"

"Linakuwa mrututu, mama. Mrututu halisi."

Mama Unga alifuta vumbi mikononi. Halafu akauliza, "Kipimo kitakula kiasi gani?"

"Kiini kilichobaki ni kama punje ya mahindi. Nitakihitaji chote. Kuna kipande cha mashine ya miale, inayosoma umbile la ndani la jiwe, na kipande cha kupasha moto tupime maji. Na lazima kisagwe kwanza, kwa mkono, polepole. Mashine ya kusagia itakipasha joto, itakiharibu."

"Kwa hiyo nikisage mimi."

"Hapa hakuna mkono mwingine ninaouamini. Lakini ukisema hapana, nitaelewa. Najua kilikotoka."

Mama Unga alifunika kinu chake. Alikwenda nyumbani, na jioni, jua bado lipo, alivuka ua akaingia kwa shemeji yake. Mzee alikuwa ameshastaafu, kifua kimejaa vumbi la kazi yake, anakaa wima kwenye kiti kwa sababu akilala anakosa pumzi. Vifungo bado hadi kooni. Haya alinisimulia Mama Unga mwenyewe.

"Shemeji," alisema, "nina kipande cha lile jiwe."

Kifua cha mzee kilipiga mluzi. "Najua," akasema.

"Unajua?"

"Shemeji, nimekuwa naona taa ya chumbani kwako inainamishwa nyuma ya mlango kila mwisho wa mwezi. Mtu haendi kusalimia rafu." Akakohoa. "Nilikuwa nangoja uniambie. Baadaye nikawa naomba usiniambie."

"Wanaweza kulipima sasa. Likipimwa linakwisha. Na sitaki uaibike, shemeji. Watoto wangu hawana baba mwingine."

"Mficha maradhi, kilio humfichua," mzee akasema. "Mimi nimeficha hili kifuani pamoja na vumbi. Kama nilimkosea, nataka kujua nikiwa hai. Nikishakufa mtajua ninyi, mimi haitanisaidia." Kisha akaongeza, karibu kwa hasira, "Na kama ulikuwa mrututu, nataka kujua pia. Nimchukie kwa amani."

Mama Unga anasema hapo ndipo alipocheka na kulia kwa pamoja, na mzee naye vilevile, wakikaripiana wanyamaze, majirani wasije kudhani kuna msiba.

Siku ya kupima niliitwa mimi, maana mizani ndogo ya kwenye sanduku la kioo ilikuwa inayumba. Nilimaliza, lakini hakuna aliyeniambia niondoke, nikakaa pembeni. Madirisha yalifungwa. Beseni za maji ziliwekwa sakafuni hewa isikauke. Kinu kilikuwa kimepozwa. Mzee aliletwa na mkwe wake, akakalishwa kwenye kiti karibu na mlango wa chumba ambacho aliwahi kukisimamia.

Binti alivunja nta. Akalitoa jiwe kwa kibano, akakwangua bluu ya juu kwa wembe mpaka kikabaki kiini kilichopauka, akakikandamiza kidogo kwenye karatasi ya kunyonya. Akakiweka kinuni.

Mama Unga alikiangalia. Mikono yake ilikuwa magotini. Hakuna aliyemharakisha. Niliwaza, kitu pekee kilichotoka mahali alipolala mumewe ndicho hicho, na anatakiwa akifanye unga kwa mkono wake.

"Kama huwezi, shemeji, acha," mzee alisema.

"Naweza," akasema. "Ningempa mwingine angekisaga vibaya."

Akashika mchi. Hakikufanya sauti, kilikuwa laini mno. Alizungusha taratibu, akasimama kinu kipoe, akazungusha tena, na samawati ile ikatandazika kwenye weupe wa kinu. Alipomaliza alisema neno moja tu, "Tayari," kama siku nyingine zote.

Unga kidogo ulikwenda kwenye mashine ya miale, chumba cha pili. Mwingine ulipimwa uzito, ukatiwa kwenye bomba dogo la kioo, chini yake taa ya spiriti. Kwanza ulikolea. Halafu ukaanza kupauka, ukaenda ukawa mweupe kama majivu, na juu kwenye kioo cha baridi yakajikusanya matone. Maji safi kabisa. Mzee aliinuka kutoka kitini bila msaada, akaja akasimama, akayatazama matone yale kwa karibu sana.

"Yote hayo yalikuwa ndani ya jiwe?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Jiwe kavu vile."

Walipima tena. Mrututu ukipashwa hivyo hupoteza theluthi ya uzito wake na kidogo zaidi. Huu ulipoteza karibu nusu. Niliangalia mshale wa mizani mara mbili, nikaapa kwamba mizani ni nzima. Binti akaenda chumba cha pili, akakaa huko mpaka tukachoka, akarudi amevua miwani.

"Sehemu saba," alisema. "Na miale inasema hivyohivyo. Wenye elimu yao wanaliita buthaiti. Kwa damu ni ndugu wa mrututu, shaba na salfeti. Lakini kwa umbile haliko ukoo wake. Liko kundi la melanteraiti, pamoja na ile chumvi ya kijani ya chuma."

Mama Unga alifumba macho.

"Kuna jambo jingine nalazimika kusema," binti akaendelea. "Marehemu alisema jiwe hili halijawahi kuonekana duniani. Hapo hakupatia. Lilipewa jina zamani, kwenye nchi za mbali. Ila ni wachache mno waliowahi kuliona. Na wewe mzee, ulichopima siku ile kilikuwa mrututu kweli. Hukusema uongo. Ni kwamba kilipoingia kwenye tanuri hakikuwa mrututu bado."

Nilimwangalia mzee. Nilidhani atatafuta hilo neno, hukusema uongo, alishike kama mkongojo. Hakulishika.

"Aliniambia," mzee alisema. "Alisema, kaka, mnalikausha. Neno lenyewe hilohilo aliniambia, mbele ya watu. Nikawachekesha watu." Akalitaja jina la mdogo wake, jina la nyumbani, la utotoni. Ndipo nilipogundua kwamba miaka yote ile nilimsikia akisema marehemu, akisema yule, akisema baba watoto, jina hasa sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Akalitaja tena. Mkwe akasogeza kiti, akakataa kukaa.

Mama Unga aliinuka akachukua mchanga safi kutoka kwenye kopo. Kinu cha kupimia hakioshwi kwa maji tu. Husagwa mchanga mweupe ndani yake, uchukue kila chembe ya jiwe lililopita, ukamwagwa, ukasagwa mwingine, mpaka utoke mweupe ulivyoingia. Ukiacha chembe, jiwe la kesho litadanganya.

"Kiache hivyo," mzee alisema. "Angalau leo."

"Kinu kina kazi kesho, shemeji."

Mzee alitazama samawati iliyobaki kinuni. Akafungua kifungo cha juu cha shati, kupata pumzi. "Basi niachie mimi."

Alimpa mchi. Mzee hakuwa amesaga tangu ujana wake, mchi ukagonga ukingo.

"Usibonyeze," Mama Unga alimwambia, amesimama nyuma yake. "Zungusha tu. Mchi ufanye kazi, wewe uongoze."

"Nilikufundisha mimi hayo."

"Basi kumbuka ulichonifundisha."

Akazungusha. Mchanga wa kwanza ulitoka na rangi, Mama Unga akaukung'uta kwenye karatasi. Wa pili ulitoka na rangi kidogo. Mzee alipumzika, akahema, akaomba mwingine, na alipousaga ule wa tatu wote wawili waliinama juu ya kinu, wakautazama kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa mweupe.